Pamba Begani

Mke wa kaka yangu aliniwekea sharti moja tu mlangoni: nisimuulize mama, ambaye kumbukumbu zimeanza kumpotea, kama ananijua. Mtu aliyeolewa jana anifundishe kuongea na mama yangu mzazi! Hiyo jana yenyewe ni miaka kumi na miwili iliyopita, lakini mimi hasira zangu ziko karibu.

Nikaingia, nikauliza hivyo hivyo. "Mama, mimi nani?"

Mama aliniangalia juu mpaka chini. "Wa benki?" Kisha akaanza kulia, kwa sababu aliona uso wangu ulivyobadilika. Nilitamani ardhi inimeze.

Wifi hakunisema. Alimfuta mama machozi, akamvalisha shingoni futi yake ya ushonaji, ile iliyofutika namba. Mama alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini.

"Mama, umepata mteja," alimwambia. Mimi akaninong'oneza, "Simama tu, wifi. Usimfanyie mtihani."

Kumbe ndivyo afanyavyo kila siku. Kaka hupimwa suruali asubuhi kabla ya kwenda kazini, watoto hupimwa wakitoka shule. Njia hiyo aliibuni mwenyewe, baada ya kuona mama akipotea kila alipoonyeshwa picha za albamu.

Mikono ya mama ilitetemeka mpaka iliposhika futi, ikatulia. Alipima kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kwenye mabega akasita, akapima tena.

"La kushoto limeshuka," alisema. "Huyu wangu alianguka kwenye ngazi akiwa mdogo. Nilikuwa namshonea pamba begani, upande mmoja, wenzake wasimcheke. Mwenyewe hajui."

Kweli sikujua. Maisha yangu yote nilidhani mabega yangu ni sawa.

"Umekonda, mwanangu," alisema, na mimi nikalia kama mtoto.

Baadaye nilimshika wifi mkono. "Wewe je, mama anakutambua kwa kipi?"

"Mimi nimekuja macho yake yameshachoka, hajawahi kunishonea. Ananiita dada wa dukani." Alitabasamu, akaendelea kukunja shuka.

Nilimvuta mpaka mbele ya kiti. "Mama, kuna mteja mwingine. Huyu naye ni mwanao."

Mama alimpima taratibu, bega hadi bega, mara mbili.

"Yamenyooka," alisema. "Huyu hahitaji pamba."