Kamusi Iliyokatwa Vipande

Enzi hizo kidato cha tatu kilikuwa na kamusi moja ya Kiingereza na wanafunzi ishirini na sita wa kuigombea. Madamu, mwalimu wao wa Kiingereza, alichoshwa na kelele. Siku moja akaingia na wembe, akaikata herufi kwa herufi mbele ya macho yao, kila mmoja akapata kipande cha kwenda nacho nyumbani. Ukitaka neno, mfuate mwenyewe. Na kila mwenye kipande aandike pembeni, kwa penseli, sentensi tano za maneno yake kila wiki. Aliyepewa X alinuna muhula mzima.

Msichana ambaye leo ni fundi cherehani alipewa T. Pacha wake wa kiume, waliyembandika jina la Profesa kwa sababu ya miwani yake iliyofungwa uzi, alipewa B. Raha iliyoje! Jioni mlango wao haukufungika. Huyu anataka neno hili, yule lile, na Profesa amekunja nne kama waziri. Kilikuwa Kiingereza cha kuombea maji, lakini walikiongea bila haya.

Miaka thelathini baadaye Madamu akawa anastaafu. Akatuma habari kwamba kila mtu arudishe kipande chake, kamusi iunganishwe ibaki shuleni. Fundi alitoa T kabatini bila kusita. B ikamshinda. Profesa amefariki, mwaka wa tisa huu, na mwandiko wake mwingine haupo popote. Aliiweka mkobani, akaitoa, akaiweka tena.

Alimkuta Madamu peke yake darasani, vipande vimejaa mezani.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta?"

Fundi akatoa T. Kisha akatoa B, lakini mkono ukakataa kuiachia. "Hii ni ya Profesa. Nisamehe, Madamu, sijui kama naweza."

"Hebu niione tu."

Madamu akavaa miwani, akasoma zile sentensi za penseli. Zote zilimsema dada mtu, kwa Kiingereza cha kukimbizana: dada yangu anaficha mkate chini ya kitanda, dada yangu ana kelele kuliko kengele, dada yangu ni jasiri kuliko kaka yake.

Bila kufikiri, Madamu akaokota kalamu nyekundu. Akaweka tiki hapa, akakata pale, akazungushia duara neno lililokosewa. Kwa miaka tisa watu walimtaja pacha wake kwa sauti ya chini, marehemu hivi, marehemu vile. Leo kuna mtu anamkosoa, na moyo wake ulijaa furaha iliyomuuma.

"Saba kwa kumi," alisema Madamu. "Ana haraka mno huyu. Mwambie..."

Akaishusha kalamu. Mazishini alikuwepo, tena mstari wa mbele.

Fundi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Nimwambie nini, Madamu?"

Madamu alikifunga kile kipande, akamrudishia mkononi.

"Mwambie afanye masahihisho."

"Nitamwambia."