Mtu wa Kuning'inia

Gurudumu la nyuma la kulia liliinuka, injini ikapiga kelele ya bure, na kreti za soda zikaanza kugongana kama meno ya mtu mwenye homa. Kushoto palikuwa na mtaro. Dereva akajilaza kulia kwa mwili mzima, akiinong'oneza pikipiki, "Shuka, mama, shuka," na gurudumu likashuka polepole, kama linafikiria kwanza.

Nyuma hakukuwa na mtu. Kwa kawaida pikipiki hizi za magurudumu matatu zilibeba kreti pamoja na mtu mmoja wa kuning'inia. Kwenye kona hujitupa nje, upande wa ndani, kashika chuma, mgongo karibu uguse lami, ili uzito wake uizuie isipinduke. Pale ghalani walimwita Jiwe. Jiwe wa dereva huyu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mcheshi aliyewapungia watu mkono huku akining'inia. Kona hii hii, nje ya geti la ghala, chuma kiling'oka. Sasa alilala kwenye godoro lao, nyonga imevunjika, akiuliza kila asubuhi, "Shemeji, kona yangu haijambo?"

Tangu hapo dereva hakutulia. Hata akikaa kula, goti lilicheza. Siku ya mapumziko akaipeleka pikipiki kwa fundi wa kuchomelea.

"Tushushe sanduku," alisema. "Na ekseli tuirefushe."

"Bosi anajua?"

"Akiona haipinduki atajua."

"Haya. Ikikuua, mimi sikujui."

Walishusha sanduku hadi chini kabisa, wakayatanua magurudumu ya nyuma kiganja kimoja kila upande, wakabadilisha springi iliyolegea. Dereva akapakia, kreti zilizojaa chini, karibu na ekseli, tupu juu. Akaikata kona polepole, kisha kwa mwendo wa kazi, kisha kwa mwendo wa wazimu. Gurudumu halikuinuka. Alicheka peke yake hadi akaona aibu.

"Kona yako haitaki mtu tena," alimwambia shemeji yake.

Mkewe aliacha kukoroga sufuria. "Kwa hiyo hakuna atakayening'inia?"

"Hakuna."

Asubuhi bosi aliizunguka pikipiki, akaisukuma kwa kiganja, akaisukuma tena kwa bega.

"Imetulia! Wewe bwana una akili."

"Asante, bosi. Sasa haihitaji Jiwe."

"Vizuri sana. Ongezeni safu mbili za kreti."

"Bosi, utulivu wote unatoka hapo chini. Mzigo ukipanda juu, tumerudi kule kule."

"Ilikuwa inapinduka, sasa haipinduki. Hiyo nafasi tuiache ikae bure?"

"Ndiyo nafasi ya mtu kubaki mzima, bosi."

"Nani kakukataza kubaki mzima?" Bosi alicheka, na wapakiaji wakacheka naye. "Na zile pikipiki nyingine zote ziende kwa fundi wako. Ukichoka, ndugu yangu, getini wamejaa."

Vijana wa kutafuta kazi walikuwa wamejaa kweli. "Kaka, nichukue mimi, mimi mzito!" waliita walipoziona kreti zilivyorundikwa. Dereva hakumchukua hata mmoja. Kwenye kona gurudumu likainuka juu kuliko zamani. Alirudi nyumbani mchana, akasimulia yote. Shemeji yake aligeukia ukuta.

Mke alichukua glavu za mdogo wake msumarini.

"Unakwenda wapi, mama watoto?"

"Ukipinduka wewe, hapa ndani atakula nani?"

"Kuna vijana getini."

"Hao hawajui unavyokata kona. Mimi nakujua."

Dereva alibishana naye njia nzima mpaka ghalani. Hakushinda.

Pikipiki ilitoka getini imejaa. Kwenye kona, katika kioo cha pembeni, dereva aliuona mgongo wa mkewe ukishuka kuelekea lami, mtandio ukiburuza vumbi. Gurudumu halikuinuka.

Getini, bosi alikuwa akiwaonyesha madereva wengine kwa kidole.

"Mnaona? Hivyo ndivyo chombo kinavyotulia."