Namba Zisizo na Mtu

Saa ya kufunga ofisi, Zubeda, katibu muhtasi, alifunika taipureta yake, akahamia kwenye kompyuta na kubonyeza namba ya marehemu mumewe.

"Hodi," aliandika.

"Karibu. Umekula?" kioo kikajibu. Ndivyo Khalfani alivyoanza maongezi naye siku zote, hata alipokuwa hai.

Khalfani alikuwa fundi wa kiwanda hichohicho, Chang'ombe. Ndiye aliyeomba ng'ambo namba za intaneti, maana kila kompyuta lazima iwe na yake, kama kiwanja. Kiwanda kilikuwa na kompyuta tatu; Wazungu, kwa ukarimu wa siku zile, wakaleta namba za kutosha Temeke nzima. Alipofariki akahamia kwenye mojawapo ya namba hizo. Marehemu wengine wa mtaani wakasikia, wakaja na mikeka yao, naye akawagawia, kwa kuwa hakujua kumnyima mtu. Wafanyakazi waliwasalimia wakipita: shikamoo kwa wakubwa, mambo kwa vijana.

Kisha kiwanda kikabinafsishwa. Meneja mpya, Adelard, akapata mnunuzi wa namba zisizotumika. Kwa kuwa hakuna aliyejua mali ya namna hiyo huuzwaje, akaiuza kama kiwanja: alimwita mjumbe wa nyumba kumi, Bi Mwanakombo, aje kushuhudia.

"Mbona humu mna watu?" Bi Mwanakombo aliuliza, akikitazama kioo.

"Hawana hati, mama."

"Huyu si mume wa Zubeda?"

"Ndiye. Mtu mwema sana," Adelard alisema, akamsogezea kalamu.

Bi Mwanakombo hakusaini. Adelard akamleta mjumbe wa mtaa wa pili.

Zubeda aliomba aachiwe namba moja tu. Akaambiwa mnunuzi anazitaka zote, zikiwa zimefuatana. Alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi kuchapa mkataba.

Ijumaa wakahama. Khalfani alitoka wa mwisho nyuma ya kompyuta, mkeka kwapani, baada ya kuhakikisha wazee wote wametoka.

"Sasa mie niende wapi?"

"Twende kwangu Tandika. Chumba kidogo, ila tutabanana."

Wasio na wa kuwachukua walitandika nje ya ukuta wa kiwanda, na bado wapo.

Wiki iliyofuata Zubeda alibonyeza namba ile. Kimya. Akajaribu ya jirani, na ya jirani yake. Mnunuzi hakuwa ameweka kitu chochote. Alikuwa akingoja bei ipande.

Jioni, wakila, Khalfani akauliza, "Kwangu kule anakaa nani siku hizi?"

"Wamehamia watu," Zubeda alisema. "Wana watoto wadogo."

"Basi si haba," Khalfani akasema, akamsogezea bakuli la kisamvu.