Jua Katika Jiko Langu

Nilikwenda kumrudisha binti yangu nyumbani, sikwenda kupiga soga. Jumatatu chuo cha uhasibu kinafunguliwa, naye kajifungia kwenye chumba cha kupanga, anachezea video. Kaka yangu alikuwa ameshabeba godoro lake na kulitupa nyuma ya pikapu.

"Mama, tazama hii moja tu, kisha uniburute."

"Upesi. Mjomba wako ana njaa, na akiwa na njaa hana udugu."

Kwenye skrini lilikuwa jiko langu. Masufuria yangu, kopo langu la chumvi lenye kifuniko kilichopasuka. Dirisha letu linatazama ukuta wa jirani. Tangu niolewe, jua halijakanyaga mle. Lakini sasa mwali wa jua uliingia, ukapanda meza taratibu, vumbi likielea ndani yake, ukagusa sufuria kubwa, nayo ikang'aa.

"Nani kabomoa ukuta wa watu?"

Alicheka. "Hakuna jua, Mama. Huo mwanga nimeutengeneza humu humu kwenye kompyuta. Naweka alama hapa, kwenye huu mstari wa muda: mwanga uko dirishani. Naweka nyingine kule mbele: uko kwenye sufuria. Safari ya katikati kompyuta inaijaza yenyewe."

"Yenyewe? Hebu nipishe."

Nilishika kipanya. Nikaweka alama ya kwanza, na ya pili nikaibandika ubavuni mwake, maana mimi sipendi kupoteza muda. Mwali uliruka kutoka dirishani hadi kwenye sufuria kama mbuzi aliyemwagiwa maji.

"Mama! Hata jua unalikimbiza? Lipe nafasi."

Nikaivuta alama ya pili mbali, mbali zaidi. Nikabonyeza. Mwanga ukaja kwa upole, ukapita kisu, ukapita kopo la chumvi, ukafika pale ninaposimama kila asubuhi na taa imewashwa. Nina diploma, nimeona mengi, lakini sikuwahi kuona asubuhi ikipita jikoni kwangu, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Honi ililia nje. Ikalia tena.

"Ni mjomba," alisema, akaanza kuchomoa nyaya. Hakubisha. Hilo ndilo lililonichoma.

"Acha hizo nyaya. Kamwambie mjomba wako arudishe godoro ndani."

"Na chuo?"

"Nimesema godoro. Halafu uje unionyeshe jua linavyotua."