Zamu ya Dympna

Painti mbili za bia nyeusi, glasi kubwa zilizojaa, ziliwekwa mbele yetu, mimi na Lorcan. Mbele ya Dympna kikawekwa kiglasi cha nusu painti. Alikitazama kama mtu mzima aliyeletewa kiatu cha mtoto.

Ilikuwa mjini Limerick, Jumamosi jioni, Oktoba 1971. Kwa miaka kumi na minane mimi na rafiki zangu Lorcan na Malachy tulizunguka baa tano kila Oktoba, tukilinganisha bia nyeusi na kuipa alama daftarini: uzito wa povu, ubaridi, pete zinazobaki kwenye glasi baada ya kila funda. Malachy alifariki Machi mwaka huo. Mjane wake, Dympna, akaja na daftari, akasema nafasi ya mumewe sasa ni yake. Mimi nilipinga. Nilisema kiti cha marehemu kiachwe wazi, nikajiona muungwana. Ukweli ni kwamba niliona haya kuonekana na mwanamke anayekunywa painti.

Katika baa mbili za kwanza tuliagiza sisi, tukamsogezea painti yake kimyakimya. Hii ya tatu ilikuwa zamu yake kununua, akaenda kaunta mwenyewe. Na hii ndiyo baa niliyoipenda kuliko zote. Kila mwaka niliipa tisa kati ya kumi, na atakayebisha nilikuwa tayari kumnunia hadi Krismasi.

Dympna alimwita Colman, mwenye baa, akamwambia kwa upole kwamba aliagiza painti tatu.

"Mwanamke hamiminiwi painti hapa, mama," Colman akasema. "Nitakuletea nusu mbili. Si kiasi kilekile?"

"Kama ni kilekile, nimiminie painti."

Colman akanigeukia. "Fintan, hebu ongea na shemeji yako."

Kwetu hakuna anayegusa glasi kabla wote hawajapata chao. Basi tukakaa. Baa nzima ilinigeukia, na povu la painti yangu likaanza kunywea taratibu. Dympna hakunitazama. Alikuwa ameweka kiganja juu ya daftari la mumewe, nami nikajichukia kwa kila dakika niliyokaa kimya.

"Mpe painti yake, Colman," hatimaye nikasema.

Colman akatikisa kichwa, akaendelea kufuta kaunta.

Nikavaa kofia. Katika maisha yangu sijawahi kuacha hata tone la bia nyeusi mezani. Siku ile niliacha painti nzima, na Lorcan akaacha yake huku akiiangalia kwa uchungu. Dympna aliacha fedha ya painti mbili. Ile nusu hakuilipia.

Nje kulikuwa na manyunyu. Akanipa daftari na kalamu.

"Tuandike nini, na hata hatujaionja?" Lorcan akauliza.

Chini ya zile alama za tisa za kila mwaka, kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika sifuri.

Dympna akasoma, akalifunga daftari, akalitia ndani ya koti.

"Haya, twendeni," akasema. "Zamu yangu bado."