Mkalimani wa Bruda Ortolf

Bruda Ortolf alikuwa na sikio jepesi. Kipupwe kizima, yeye na Padri Gisler, watawa wasiovaa viatu, wakikata mbuga zisizo na mti kupeleka ujumbe wa Papa, alimsumbua mkalimani wao, Mikula, amfundishe lugha ya Wamongolia. Mikula alikuwa mtu mzima wa Kiev, aliyetekwa na Wamongolia mji ulipochomwa.

"Hapo hujasema farasi, Bruda," Mikula alikuwa akimwambia huku akicheka. "Hapo umemtukana mama wa mtu."

Walipendana. Ortolf alimwahidi kwamba kazi ikiisha atamwombea ruhusa warudi wote.

Theluji ilipoanza kuyeyuka wakafikishwa kwa Jemadari Narin. Walipitishwa katikati ya mioto miwili ili watakaswe, wakavuka kizingiti cha hema bila kukikanyaga, maana huko ni mwiko, wakapiga magoti. Padri Gisler akautoa ujumbe kwa Kilatini: acheni kuua Wakristo, tubuni, la sivyo Mungu atawaadhibu.

Mikula akasema kwa Kimongolia kwamba Papa anamsalimu jemadari, anawahuzunikia waliokufa, na anaomba urafiki.

Ortolf alielewa kila neno. Furaha ikampanda kichwani. Lugha iliyomtesa miezi yote sasa ilimwingia yenyewe. Kabla hajafikiri, akainua uso.

"Sivyo alivyosema. Amesema mtubu, la sivyo Mungu atawaadhibu."

Narin akamtazama, akatabasamu.

"Kumbe huyu pekupeku anajua lugha yetu! Nani kakufundisha?"

"Mikula," akajibu Ortolf, kifua mbele.

"Basi kakufundisha wewe vizuri kuliko anavyonitumikia mimi."

Mikula akaburutwa nje. Viboko vilisikika vyote, naye Ortolf akapewa bakuli la maziwa ya farasi yaliyochachuka, heshima ya mgeni. Alitaka kulirudisha, akaogopa. Akanywa.

Kesho yake alimwendea jemadari. "Nichukue mimi badala yake."

"Mjumbe haguswi," Narin akasema. "Huyo ni mtu wangu. Wewe nenda zako kwa amani."

Akaenda kuungama kwa Padri Gisler, naye padri akashangaa. "Ulisema kweli, Ortolf. Dhambi iko wapi?"

"Sikutaka kusema kweli, Padri. Nilitaka wanisikie."

Gisler akamwondolea dhambi, akampa zaburi za kusali. Ortolf alizisali zote, akarudia tena, na bado alipofumba macho alijiona na lile bakuli mkononi.

Siku ya kuondoka alimkuta Mikula akiokota samadi kavu ya kuwashia moto, shati limemganda mgongoni kwa damu. Alikuwa amekabidhiwa kwa wachungaji waliokuwa wakielekea mashariki.

"Umekuja kujifunza maneno mengine?" Mikula akauliza bila kumtazama.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nikikusamehe, nitaamka Kiev?" Akatupa samadi kapuni. "Mama yangu anaitwa Olisava. Anakaa chini kule mtoni, nyuma ya kanisa lililoungua. Mwambie niko kwa wakubwa, nakula nyama, nalala pazuri. Na safari hii, Bruda, usisahihishe."

Ortolf akashindwa hata kumshika mkono.

Kiev ilikuwa vibanda vichache katikati ya majivu ya zamani. Olisava alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye sauti kubwa. Kwa lugha ya kwao aliyookota kidogo kwa Mikula, Ortolf akamweleza kama alivyoagizwa, nyama na malazi mazuri, na alipoona uso wake unang'aa akaongeza mwenyewe kwamba jemadari humsifu Mikula mbele za watu.

"Nilijua!" bibi akasema, akipiga makofi. "Mwanangu tangu utoto ana mdomo mtamu. Na wewe baba, ndiye uliyekuwa rafiki yake huko?"

"Ndiyo, mama."

Akambusu mikono yote miwili. Kisha akaingia ndani, akatoka na soksi nene za sufu alizozifuma mwenyewe.

"Mpelekee ukirudi huko. Miguu yake hupata baridi upesi."

Ortolf alijua hatarudi. Akazipokea, akashukuru, akamfuata Padri Gisler kwenye barabara ya magharibi, pekupeku, soksi kifuani chini ya joho.