Mistari Iliyolewa

Siku ya nne, fundi alipomaliza kujaza saruji ya kijivu kati ya kigae na kigae, ukuta wa jiko la binti yake ukapinda.

Haukupinda, ila ulionekana umepinda. Binti ndiye aliyechagua mchoro kwenye simu: kigae cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, na kila safu imesogezwa kidogo pembeni ya ile ya chini yake. Sasa safu zilizonyooka kama uzi zilionekana zimebanana upande huu na kupanuka upande ule. Fundi alikwisha kuona kiini macho hicho mara moja, enzi za kujifunza kazi. Akaiweka pima maji juu ya safu ya tatu. Kiputo cha hewa kikatulia katikati, tuli.

Binti akaingia na vikombe viwili vya chai. Akaangua kicheko.

"Baba! Hii mistari imelewa!"

"Ilewe kwa pombe ya nani?"

"Sitanii. Tazama pale, inateremka kabisa."

Neno moja tu lingetosha: njoo upime mwenyewe. Kisha angekusanya vifaa, arudi kwenye chumba chake ambamo, tangu amzike mama wa binti huyu, sauti pekee ilikuwa ya jirani anayekohoa ng'ambo ya ukuta. Kwa miaka miwili binti alimpigia simu za salamu za mbiombio. Lakini siku hizi nne walikula pamoja, wakabishana kuhusu chumvi, na jana binti alimsimulia vituko vya bosi wake hadi wote wawili wakashika mbavu.

Fundi akaitumbukiza pima maji mkobani.

"Kweli imenipindia," alisema yeye, ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kubomoa kazi yake mwenyewe. "Nitabandua vigae vyote nivipange upya. Siku tano hivi. Labda sita."

Binti aliweka vikombe mezani, akamshika baba yake mkono.

"Baba, ni macho, siyo?"

"Macho yangu mazima."

"Mwenye macho mazima angeona tangu safu ya kwanza. Kosa ni langu, nimekutumikisha na umri huu. Usibandue kitu. Kazini kwetu kuna mtu ana fundi wake, nitamwita. Wewe nenda kapumzike."

"Mwanangu, si kwamba..."

Kuutetea ukuta kulitaka kwanza akiri uongo, kisha aseme kwa nini ameusema. Na hilo, kwa mdomo wake, mbele ya mtoto wake, lilimshinda.

Binti alikuwa ameshashika simu. "Gari linafika baada ya dakika kumi. Kunywa chai kwanza, baba."

Akainywa kidogo kidogo, hata ilipopoa. Honi ilipolia nje, kikombe kilikuwa bado nusu.